Lenzi imefika, pesa imeenda, kamera haifokasi: mambo ya kujua kabla hujalipa

Jumatano moja jioni tulipigiwa simu na mteja wetu wa Ukunda, kijana anayepiga picha za watalii na harusi pale Diani. Alikuwa na hasira. "Nirudishieni pesa yangu, nimetapeliwa." Alikuwa ametuma shilingi 16,500 kwa mtu wa Nairobi aliyemuona mtandaoni, akatumiwa lenzi kwa basi la usiku, akaichukua asubuhi kwenye ofisi ya parseli. Akaifunga kwenye kamera yake, Nikon D3200. Ikaingia vizuri, ikalia "tak" kama kawaida. Lakini kila akibonyeza, kamera haifokasi. Na Jumamosi alikuwa na harusi Msambweni, arubuni ameshaila.

Bahati yake, mmoja wetu hapa ofisini hupiga picha wikendi. Akamwambia: hebu nisomee maandishi yaliyozunguka kioo cha mbele. Akasoma: AF Nikkor 50mm 1:1.8D.

Basi hakutapeliwa. Ile lenzi ni nzima, ni ya Nikon kweli, na muuzaji alitangaza "Nikon 50mm" na ndicho alichotuma. Shida ni kwamba lenzi hiyo haina mota ndani yake. Inategemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3200 haina mota hiyo. Lenzi na kamera zote mbili ni Nikon, zinafungana, lakini kwenye fokasi hazielewani.

Tukabaki na kazi ngumu ya kumweleza kwa nini hatuwezi kumrudishia pesa. Tutafika huko. Kwanza tuongee habari ya lenzi yenyewe, kwa sababu malalamiko mengi ya aina hii yanayotufikia kutoka Kwale si ya wizi. Ni ya mtu aliyelipa haraka kitu ambacho hakikuwa kinamfaa.

Unapiga picha gani hasa?

Lenzi ile inayokuja na kamera, 18-55mm, watu wengi huidharau mapema mno. Kama kazi yako ni kupiga picha familia ufuoni mchana, kati ya saa tatu na saa kumi na moja, mwanga wa Diani ni mwingi hadi unasumbua. Hapo 18-55mm inatosha kabisa, na pesa yako ingefanya kazi zaidi ukinunua betri ya pili au kadi ya kuhifadhi picha. Tunajua ushauri huu haufurahishi mtu aliyekwisha kuona lenzi anayoitaka.

Mambo hubadilika jua likizama. Harusi za Msambweni, Ukunda au Gazi, sherehe kubwa mara nyingi iko usiku, na mwanga ni balbu mbili za uani au taa za rangi za mwenye muziki. Hapa ndipo zile namba ndogo zilizoandikwa kwenye lenzi zinapokuwa na maana. Namba baada ya "1:" au "f/" inaonyesha tundu la lenzi linaweza kufunguka kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ni kinyume na unavyotarajia, kwa hiyo isome mara mbili.

Lenzi ya 18-55mm ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Tufanye hesabu ya ukumbini: kama kwa f/5.6 kamera inataka kasi ya 1/13 ya sekunde, bibi harusi akigeuka kidogo tu, uso unatoka kama moshi. Kwa mwanga uleule, f/1.8 inakupa takriban 1/125, na picha inatoka safi. Huo ndio ununuzi unaolipa, na ndiyo maana 50mm f/1.8 huwa lenzi ya pili ya wapiga picha wengi duniani. Ni nyepesi, na katika lenzi mpya za Canon au Nikon iko kwenye kundi la bei ya chini.

Lakini kuna jambo. Kamera nyingi zilizo mikononi mwa wapiga picha wa huku zina sensa ndogo, si ile ya ukubwa kamili. Kwenye sensa hiyo, 50mm inaona kama 75mm kwa Nikon na kama 80mm kwa Canon. Ufuoni ni raha, uso unatoka mzuri na minazi ya nyuma inayeyuka. Ndani ya sebule ya watu, ambamo shangazi, mama na wapambaji wote wamejaa, utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado hujawaingiza wote. Kama kazi zako nyingi ni za ndani, tafuta 35mm f/1.8 kwa Nikon, ile iliyoandikwa DX, au 24mm f/2.8 kwa Canon, iliyoandikwa EF-S. Huyu kijana wetu, kwa mfano, 35mm ingemfaa zaidi hata kama ile 50mm ingefokasi.

Wanaofuata wale wa kaiti upepo wa kusi ukishika, au pomboo wa Kisite kutoka Shimoni, au mbega wa Diani juu ya miti, wanahitaji lenzi ndefu: 55-250mm, 70-300mm. Vivyo hivyo anayepanda Shimba Hills kumtafuta palahala, ambaye Kenya nzima huonekana huko tu. Lenzi hizi za bei nafuu hazifunguki sana, f/5.6 tena ukiivuta mwisho, lakini mchana si neno. Ukiwa ndani ya mashua inayoyumba, weka kasi ya 1/1000 au zaidi na usitegemee ile teknolojia ya kutuliza mtikisiko. Yenyewe hutuliza mkono wako, haimtulizi pomboo.

Na anayepigia picha nyumba za kukodisha wageni, yeye anataka pana, 10-18mm au karibu na hapo. Tundu halimsumbui sana kwa sababu ataweka kamera kwenye stendi na vitanda havitembei.

Je, itaingia? Na ikiingia, itafanya kazi?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tulia nasi kidogo.

Kwa Canon mambo ni mepesi kiasi. Lenzi zote za EF, tangu zianze mwaka 1987, zina mota ndani yake, kwa hiyo ikiingia inafokasi. Lenzi ya EF ina alama ya nukta nyekundu, ya EF-S ina mraba mweupe. Kamera ya sensa ndogo, ile yenye mraba mweupe kwenye mdomo wake, inapokea zote mbili. Kamera ya sensa kamili kama 5D au 6D inapokea EF peke yake. Halafu kuna RF, familia ya kamera mpya zisizo na kioo ndani, iliyoanza 2018. Lenzi za EF na EF-S zinaweza kufungwa kwenye kamera ya RF kwa kutumia adapta. Kinyume chake hakuna: lenzi ya RF haiwezi kwenda kwenye kamera ya zamani, hata muuzaji akikuapia.

Kwa Nikon, soma herufi. Kamera za D3000 hadi D3500, na D5000 hadi D5600, hazina mota ya fokasi. Zinahitaji lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Iliyoandikwa AF tu, kama AF 50mm f/1.8D, utaifokasi kwa mkono. Kamera za D7000, D7100, D7200, na hata D90 ya zamani, zina mota na zitaifokasi bila shida. Lakini usikimbilie AF-P pia: baadhi ya kamera za zamani, D90 mojawapo, hazielewani nayo. Kamera mpya za Z zina adapta yake iitwayo FTZ, ila hata kwa adapta hiyo lenzi ya AF bila S inabaki ya kufokasi kwa mkono kwenye FTZ ya kwanza na ya pili.

Kampuni nyingine kama Sigma, Tamron na Yongnuo hutengeneza lenzi ileile kwa midomo tofauti. Kuona "Sigma 17-50" kwenye tangazo hakukwambii kitu. Uliza ni ya Canon au ya Nikon, na usikubali jibu la maneno matupu. Omba picha mbili: moja ya maandishi ya mbele, moja ya mdomo wa nyuma. Muuzaji mwenye lenzi mkononi anaweza kupiga picha hizo kwa dakika moja. Asiyeweza, mara nyingi hana lenzi.

Lenzi iliyotumika, na joto la pwani

Lenzi za mtumba si aibu. Lenzi iliyotunzwa hudumu kuliko kamera mbili. Lakini adui wa lenzi huku kwetu ni unyevu. Chumvi na joto la pwani huzaa kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kuvu huyo akishakula rangi ya kioo hata fundi hawezi kuirudisha.

Ukikutana na muuzaji, washa tochi ya simu, funua vifuniko vyote viwili, pitisha mwanga upande mmoja na uangalie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo halina shida, kila lenzi inalo. Utando, madoa yenye mizizi, au ukungu mweupe unaozuia mwanga: rudisha, sema asante. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si yake. Fokasi karibu, fokasi mbali, usikilize kama inakwaruza. Mchanga ndani ya pete za zumu unasikika vizuri, na lenzi iliyoanguka ufuoni haifichi. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, kisha ya maandishi ya gazeti kwa tundu lililofunguka kabisa, na uzikuze kwenye skrini kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine safi, lenzi hiyo ilipigwa chini siku moja.

Yote haya ni dakika kumi. Anayekukataza dakika kumi kwa pesa yako, muache.

Sasa tuje kwenye malipo

Tuanze na lile la kijana wetu. Kurudisha muamala kupo kwa ajili ya kosa: umekosea tarakimu moja ya namba, pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua. Hapo ukituarifu mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa, tunaweza kuizuia na kulifuatilia. Lakini ukituma kwa mtu uliyemkusudia, kwa kiasi ulichokusudia, na ukapokea mzigo, hapo ni mapatano yenu wawili. Hatuwezi kuingia mfukoni mwa muuzaji kwa sababu mnunuzi hakupenda bidhaa. Tukifanya hivyo, hakuna fundi wala mama wa mboga atakayekubali tena kulipwa kwa simu, maana mteja angeondoka na mzigo kisha adai pesa akiwa kwenye tuktuk.

Kwa hiyo kinga yako iko kabla ya kuweka PIN.

Ukiwa dukani, Mombasa au Nairobi, lipa kwa namba ya till au paybill ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Jina litakalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha lisome. Kama ubao wa duka unasema jina moja na simu inasema lingine, uliza. Pengine ni jina la mwenye duka lilivyosajiliwa, hilo lipo. Pengine mhudumu amekupa till yake mwenyewe, na hilo nalo lipo. Risiti iandikwe aina kamili ya lenzi na namba yake ya usajili iliyochongwa kwenye mwili. "Lenzi moja" haitakusaidia siku ya garantii.

Ukinunua kwa mtu mtandaoni, kanuni yetu ni fupi: ona, funga, piga, kisha lipa. Kutoka Msambweni hadi Mombasa, kwa feri ya Likoni au kwa njia ya Dongo Kundu, nauli ni ndogo kuliko hasara. Kutaneni mchana mahali penye watu, na ulipe hapohapo kwa simu badala ya kutembea na noti.

Akiwa Nairobi na huwezi kwenda, afadhali umtafute rafiki aliye huko akaitazame. Usipokuwa na rafiki, elewaneni kuwa utalipa mzigo ukiwa mezani, umefunguliwa. Wapo wauzaji na wasafirishaji wanaokubali, wapo wasiokubali. Asiyekubali, na wewe lenzi unaitaka sana, mpe kiasi ambacho ukikipoteza utalala usingizi. Na ikiwa umeshatuma, halafu ikaja simu ya kuomba "elfu moja ya kufungasha", kisha "mia nane za dereva", kisha "ushuru kidogo", simama hapo. Mwizi wa namna hii hataki pesa zote mara moja. Anakupima.

Wanaoagiza kutoka nje wajue kuwa bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni. Kuna usafiri, kuna tozo za forodha, na VAT ya 16%. Weka hesabu hiyo kabla ya kushangilia. Wengine hapa pwani wana shangazi Muscat au kaka Dubai anayekuja likizo, na hiyo ni njia nzuri, ila garantii ya huko mara nyingi hubaki hukohuko.

Kama wewe ndiye unayeuza, tahadhari yako ni nyingine. Ujumbe wa malipo unaotoka kwenye namba ya kawaida ya simu si ujumbe wetu, hata uwe umeandikwa sawasawa. Angalia salio lako mwenyewe kabla lenzi haijaondoka mkononi. Mnunuzi akikuharakisha kwa sababu "boda inangoja", boda itangoja.

Na mkopo wa simu kwa ajili ya lenzi? Tunakopesha, kwa hiyo tungependa kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba kama una kazi tatu zilizokwisha kulipiwa arubuni, na ulizipata kwa sababu ya lenzi hiyo, hesabu inaweza kukubali. Kama unanunua ukisubiri msimu wa Desemba ulete wateja, kodi kwanza lenzi kwa siku moja ya kazi, uone kama inabadilisha chochote. Kisha weka akiba mdogomdogo, kila harusi kidogo, kwenye akaunti tofauti na ile ya unga na nauli.

Ikifika nyumbani

Usiiweke kwenye begi la ngozi kabatini. Nunua kontena la plastiki linalofunga vizuri, la vyakula linatosha, utie pakiti za silika jeli ndani. Wengine hutia mchele, lakini mchele una vumbi lake. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi cha hoteli kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto polepole, la sivyo kioo kitalia machozi na unyevu huohuo ndio unaolisha kuvu. Ukitoka ufuoni, futa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi upepo ukivuma mchanga, hata bwana harusi akikuita.

Tuliyemwacha na D3200 yake alifanya harusi ile. Mwenzetu alimwelekeza kwa simu: zungusha pete ya tundu hadi 22 na uifunge hapo, la sivyo kamera itaandika FEE na kukataa kupiga. Kisha fokasi kwa mkono, taratibu, na utazame ile nukta ya kijani chini kwenye kitundu cha kutazamia, ikitulia, bonyeza. Anasema alipoteza picha nyingi za watu wanaocheza, na zilizopatikana za bibi harusi akiwa amekaa ndizo bora alizowahi kupiga.

Mwezi uliofuata aliiuza kwa mpiga picha wa Likoni mwenye D7100, kwa shilingi 14,000. Walikutana mchana, mnunuzi akaifunga kwenye kamera yake, ikafokasi, akalipa. Kijana wetu akaangalia salio kwanza, ndipo akampa na filta ya 52mm juu yake bure. Saa hii anatafuta AF-S 35mm f/1.8, na ametutumia picha ya maandishi ya mbele atuulize kama ndiyo yenyewe.